Kitambaa cha Mataifa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia uwanja, akawasha jiko na kupika uji wa Bibi. Uji hutangulia, kidonge hufuata. Ndivyo nesi wa zahanati alivyoagiza. Bibi alikuwa na ugonjwa wa sukari, na nesi alimweleza Chiriku bila kumficha kitu: "Vidonge hivi vinashusha sukari mwilini. Akivimeza bila kula, itashuka kupita kiasi. Ukimwona anatetemeka, anatokwa jasho na maneno yanampotea, mpe maji ya sukari upesi angali macho. Kisha mlete hapa."

Chiriku halikuwa jina lake la shuleni. Aliitwa hivyo kwa sababu ya maneno mengi. Mdomo wake haukuijua Jumapili. Lakini Alhamisi ile aliinama juu ya sufuria, kimya kama mtu aliyemeza kokwa.

"Usipike uji mwingi," Bibi alisema. "Pika wako tu."

"Na kidonge, Bibi?"

"Kidonge nitameza. Nesi alinikaripia siku ile niliporuka dozi. Sitaki makelele yake tena."

Ukutani, juu ya kitanda cha Bibi, kilining'inia kitambaa cheupe chenye ramani ya dunia. Akina mama wa kanisa ndio waliokidarizi, na kila nchi yenye mmisionari wao waliitia msalaba wa uzi mwekundu. Kilikuwa kitambaa cha mnyororo wa maombi. Anayekipokea hufunga na kuwaombea wamisionari, mpaka nyumba inayofuata ije kukichukua jioni. Mpokeaji hubisha hodi na kusema, "Nimekuja kuyapokea mataifa." Aliyenacho hujibu, "Pokea, na Bwana akutie nguvu." Hapo ndipo hufungua kinywa na kula. Na kulikuwa na sharti: kitambaa hakipelekwi, hufuatwa. Asiyekuja kukichukua, basi aliyenacho anaendelea kufunga.

Bibi alikuwa na sababu yake ya kufunga. Msalaba mmoja mwekundu, kule juu kabisa penye nchi za baridi, ulikuwa wa mwanawe wa mwisho, baba mdogo wa Chiriku.

"Weka mkono hapa," Bibi alimwambia, akimwonyesha msalaba ule. "Apa kwamba hutamwambia mtu kuwa nimefunga. Baba yako akijua atakwenda kuwafokea watu kanisani, mnyororo ukatike. Ukikatika, baba yako mdogo huko aliko atabaki bila ulinzi."

Chiriku aliapa. Mkono wake ulikuwa na jasho, ukaacha alama kwenye bahari.

Baba yake alikuwa fundi seremala, na kanisani hakukanyaga tangu afiwe na mkewe. Mama Chiriku alipougua, wakubwa wa kanisa walifika hospitali mara moja, wakaomba, wakapiga picha, wakaondoka. Siku ya mazishi walikuja na magari mengi na hotuba ndefu. Kati ya siku hizo mbili hakuna aliyeuliza mgonjwa amekula nini. Fundi hakuwa amesoma sana, lakini hesabu hiyo aliiweza.

Jioni ile mpokeaji hakuja. Zamu ilikuwa ya nyumba ya Mzee wa Umisheni, msimamizi wa kazi ya wamisionari kanisani, yeye mwenyewe aliyelitunga lile sharti la kufuata kitambaa. Bibi alikaa kwenye kiti akitazama mlango hadi giza likaingia. Walipoandaa chakula, alimsogezea Chiriku sahani yake.

"Kula na hiki, mke mwenzangu. Baba yako akirudi akute sahani imechafuka."

Chiriku akala sahani mbili. Baba yake aliporudi, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi, aliuliza kama kawaida, "Mama, umekula?"

"Nimekula, baba. Si unaona sahani?"

Chiriku alitazama miguu yake.

Ijumaa, baada ya shule, alikwenda kanisani mbio. Ukumbi ulikuwa kama sokoni. Jumapili wageni wangefika kutoka ng'ambo, watu wanaosaidia kuwatuma wamisionari. Kwaya ilikuwa ikirudia wimbo wa kuwakaribisha, kinanda kikikwama palepale kila mara. Mzee wa Umisheni alikuwa juu ya ngazi, akitundika bendera za nchi mbalimbali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ah, Chiriku! Umekuja wakati mzuri, nishikie ngazi."

Akaishika. "Mzee, kitambaa cha mataifa kiko kwetu. Ilikuwa mje kukichukua jana."

"Jana?" Mzee alijipiga paji la uso, bendera ikamponyoka. "Loo! Mambo yamenizidi. Mwambie Bibi avumilie kidogo. Yule ni mama wa imani, si kama hawa vijana wetu wa mdomoni tu."

"Lakini mzee, Bibi ha—"

"Mwanangu, wakubwa wakiwa kazini, watoto hupunguza maneno. Niletee ile bendera."

Chiriku alimletea. Neno "hajala" lilikuwa limefika kwenye meno, likarudi lilikotoka. Ameapa. Na je, akisema, baba mdogo akapatwa na jambo? Alimkumbuka akimrusha juu na kumdaka, na kicheko chake kama mtu anayekohoa. Akarudi nyumbani pole pole. Wakubwa wana desturi hiyo: wakisahau wao, atakayekaa na njaa ni mwingine.

Jioni hiyo pia mlango haukubishwa. Sahani mbili tena.

Jumamosi hakukuwa na shule. Baba aliondoka mapema kwenda karakana. Bibi alimeza kidonge kwa maji matupu, Chiriku akamtazama koo likipanda na kushuka. Kisha akatoka kufua. Kila baada ya kusuuza nguo moja aliita, "Bibi!" na Bibi akaitikia, "Bee, mama!" Hivyo hivyo, nguo kwa nguo. Alikuwa anakamua sare yake ya shule alipoita na asijibiwe.

Akaacha sare ikaanguka topeni.

Bibi alikuwa ameketi kitandani. Jasho limemlowesha shingo na kanga, ingawa chumba kilikuwa baridi. Vidole vilimtetemeka kama vya mtu anayechambua mchele.

"Bibi, vipi?"

"Mlango wameuhamishia wapi?" Bibi aliuliza, huku macho yakiutazama mlango wenyewe.

Chiriku alikimbilia jikoni. Akachota sukari kwa pupa. Sukari nyingine ikamwagika mezani. Wazo likamjia: mgonjwa wa sukari anapewaje sukari? Lakini nesi ndivyo alivyosema, tena alirudia mara mbili. Akakoroga kikombe kizima, akamletea.

Bibi akafumba midomo. Maneno yalimpotea, lakini hilo moja alikuwa amelishika. "Hakijachukuliwa."

"Bibi, kunywa, nakuomba."

"Mwanangu yuko kule. Hakijachukuliwa."

Akamshika kichwa, Bibi akakigeuza. Maji yakamwagika kifuani. Kope za Bibi zilianza kuwa nzito. Chiriku akatazama kitambaa ukutani, na ule msalaba mwekundu juu kabisa. Huku bibi yake, kule baba yake mdogo, na katikati yeye na kikombe.

Akaweka kikombe chini. Akatoka nje, akaufunga mlango nyuma yake, akabisha.

"Hodi! Hodi humu ndani! Nimekuja kuyapokea mataifa!"

Akabisha tena, kwa ngumi. "Nimekuja kuyapokea mataifa!"

Kwa ndani sauti ikaja, nyembamba, ya mazoea ya miaka: "Pokea... na Bwana... akutie nguvu."

Chiriku aliingia, akakishusha kitambaa, akakikunja na kukifunga kiunoni. "Nimekichukua, Bibi. Kiko kwangu. Sasa kufungua ni kwako, kufunga ni kwangu. Kunywa!"

Bibi akanywa. Funda la kwanza lilimtoka pembeni mwa mdomo, la pili likaingia, la tatu akashika kikombe mwenyewe. Chiriku alimwita jirani yao, mama mshona nguo, akae na Bibi, kisha akakimbia mpaka karakana.

"Baba! Bibi sukari imeshuka! Amefunga tangu juzi, na vidonge alimeza!"

Randa ilimponyoka fundi. Alimwaga mbao zote zilizokuwa kwenye mkokoteni, akausukuma hadi nyumbani, akatandika godoro na kumlaza mama yake, na njia nzima hadi zahanati alisukuma bila kufuta jasho.

Nesi alimtoboa Bibi kidole, akatazama kipimo, akamwekea dripu. "Bado iko chini, lakini inapanda. Nani alimpa sukari?"

"Mimi," Chiriku alisema.

"Ungechelewa kidogo, tungekuwa tunazungumza mengine." Nesi alitoa mkate kwenye mkoba wake, akamkatia kipande. "Kula, umepauka."

"Siwezi. Nimefunga."

Baba yake akageuka. Sasa ndipo alipokiona kitambaa kiunoni. Chiriku akaeleza yote: kiapo, sahani mbili, ngazi, hodi. Hakujipendelea.

"Kwa hiyo ulijua," baba alisema, sauti ya chini.

"Nilijua, baba."

"Nikiuliza kama amekula, unanitazama?"

"Nilikuwa natazama miguu yangu." Machozi yakamtoka. "Niliogopa baba mdogo atakufa. Halafu nikaogopa Bibi atakufa. Sikujua nimwogopee nani."

Fundi akamvuta binti yake, akamwekea mkono kichwani.

Habari ikishafika kwa mshona nguo haihitaji kipaza sauti. Haukupita muda, mchungaji na Mzee wa Umisheni wakaingia, mzee bado na gundi vidoleni.

"Bwana asifiwe," mzee alisema kwa unyonge.

"Asifiwe, lakini si kwa kazi yenu hii," fundi alijibu. "Mnatuma watu mpaka mwisho wa dunia. Nyumba ya mtaa wa pili mmeshindwa kufika?"

"Nilisahau, ndugu yangu. Bendera—"

"Bendera hazisikii njaa!"

Mchungaji akainua mkono, si kumnyamazisha fundi, bali kama mwanafunzi anayeomba ruhusa. "Wagonjwa hawakupaswa kufunga kabisa."

"Mlimwambia nani?"

Mchungaji alifikiri. Alikuwa na jibu, lakini hakulipenda. "Hatukumwambia mtu. Tulidhani wanajua."

"Wakubwa mnadhani," fundi alisema, "na wadogo ndio wanaolazwa."

Mzee wa Umisheni hakujitetea tena. Alimsogelea Chiriku, akapiga magoti ili walingane. "Jana ulikuja kuniambia, nikakufanya nguzo ya ngazi. Nisamehe." Kisha akasema, "Nimekuja kuyapokea mataifa."

Chiriku akakifungua kitambaa kiunoni. "Pokea, na Bwana akutie nguvu."

"Na yeye afunge kwelikweli," fundi akadakia. "Huyo ana akiba tumboni, hatadhurika."

Hata mzee mwenyewe alicheka. Chiriku aliula mkate wote wa nesi, mpaka nesi akabaki anatazama mkoba mtupu.

Kesho yake, ukumbi ukiwa umejaa na wageni wameketi mbele, mchungaji alianza na tangazo kabla ya wimbo. Mgonjwa, mjamzito na mtoto wataomba bila kufunga. Kitambaa kitapelekwa na wazee wenyewe, nyumba kwa nyumba, na kila watakapofika watauliza kwanza hali za watu. "Tumekosea," alisema, "na kosa letu karibu limuue mama yetu. Nalisema mbele ya wageni ili nisije nikalisahau wakiondoka." Nyuma kabisa, karibu na mlango, fundi seremala alikuwa amesimama na nguo zake za kazi. Hakuingia, lakini hakuondoka.

Jioni Bibi alikuwa nyumbani, uji mkononi, simu imewekwa sauti ya juu. Baba mdogo alikuwa hewani.

"Mama, umefunga mpaka ukalazwa? Mimi huku nakula mara tatu kwa siku, suruali zote zinanibana!"

Chiriku alinyakua simu. "Baba mdogo, jana asubuhi hukupatwa na baya lolote?"

"Jana asubuhi? Nilikuwa nafua soksi. Kwa nini?"

Chiriku akapumua, pumzi ndefu iliyokuwa imekaa kifuani tangu Alhamisi. Simu ilipokatika, Bibi alimwita aketi kando yake, na fundi akasogea kusikiliza.

"Mjukuu wangu, nesi amekusifu, mchungaji amekusifu. Mimi nina deni la kukwambia ukweli. Nilikutwika mzigo wa mtu mzima. Nilimfanya Mungu awe kama askari wa mlangoni, anayengoja mtu apitiwe ndipo amwadhibu mwanangu. Siyo. Kumwombea mtu ni jambo jema, nami sitaacha. Lakini kuwadanganya watu wa nyumbani kwa sahani chafu si ibada."

"Lakini niliapa, Bibi."

"Uliapa kwa sababu nilikulazimisha. Sikiliza. Siri ya zawadi, itunze. Siri ya mchumba, itunze."

"Bibi una mchumba?"

"Nyamaza wewe, Chiriku, nikumalizie!" Bibi alimfinya shavu, kisha akawa makini tena. "Lakini siri ya ugonjwa usiitunze hata siku moja. Mwambie anayeweza kusaidia, na asiposikia, mwambie mwingine, hata kama aliyekuapisha ni mimi. Kiapo cha kumwacha mtu afe hakijawahi kuwa cha Mungu."