Jogoo wa Marehemu

Kila alfajiri jogoo aliwika nyuma ya jiko, na bibi alimjibu kutoka kitandani, "Nimesikia, mzee wangu." Kisha alijizoazoa, akatawadha, akaswali.

Jogoo huyo aliitwa Mwamshaji. Marehemu mume wa bibi ndiye aliyemlea tangu kifaranga. Alipofariki dunia, hakuacha kitu kingine chenye uhai ila jogoo huyo na majike wake wachache. Ndiyo maana bibi alimtunza kama mboni ya jicho.

Jambo moja lilimpa bibi fahari kubwa: damu ya Mwamshaji haikupata kuchanganyika. Jogoo wa jirani akichungulia tu uani, alikula ufagio. Majike wote watano walikuwa mabinti na wajukuu wa Mwamshaji. Majogoo wawili vijana walikuwa wanawe. Ukoo mmoja, baraka moja, ndivyo bibi alivyopenda kusema.

Lakini baraka hiyo ilianza kuadimika. Madoa, jike hodari wa kuatamia, alilala juu ya mayai kwa subira hata akakonda. Alipoinuka, mayai mengi yalikuwa viza. Vifaranga wachache walioanguliwa walikuwa dhaifu, na mmoja vidole vyake vilipinda. Wiki haikuisha, wote wakafa. Tena mgongo wa Madoa ulinyonyoka manyoya, ngozi ikabaki wazi.

Mkwe wa bibi alikuwa fundi cherehani, na watoto wake walikuwa wakiuliza kila siku ni lini watapata mayai ya kutosha. Asubuhi moja uvumilivu ulimwisha. Alitoka jikoni na kisu mkononi.

"Mama, kuku huyu ana mkosi. Leo aingie chunguni, angalau tupate mchuzi."

"Amekaa njaa kwa ajili ya watoto wake," bibi alisema, "na ujira wake uwe kisu?"

Alimsihi mkwewe asubiri kidogo, kwa kuwa afisa mifugo alikuwa mtaa wa pili akichanja kuku. Fundi aliweka kisu dirishani, mahali ambapo kila mtu angekiona, akaenda kumwita.

Afisa mifugo alikuwa mama wa makamo mwenye viatu vya mpira. Alimwamkia bibi, akachuchumaa, akampakata Madoa. Alimkagua macho na mdomo, akafunua mbawa kutafuta utitiri. Hakuona ugonjwa wowote. Ndipo akauliza majogoo wale watatu walitoka wapi. Bibi akamsimulia habari za ukoo wao kwa fahari, hakuacha hata ufagio.

Afisa akatabasamu. "Kumbe mzee huyu ni baba wa wake zake, tena ni babu wa watoto wake mwenyewe. Bibi, harusi kama hiyo wewe ungekwenda?"

Fundi cherehani akacheka hadi akashika mbavu. Bibi alijikaza asicheke, akashindwa.

Afisa akaeleza taratibu. Kuku wa damu moja wakizaana kizazi baada ya kizazi, udhaifu wao hurundikana. Mayai mengi hayaanguliwi, na vifaranga huzaliwa na kasoro au hufa mapema. Kwa hiyo jogoo hubadilishwa kabla mabinti zake hawajaanza kutaga. Pia, jogoo mmoja huwatosha majike wanane hadi kumi. Wakiwa majogoo watatu kwa majike watano, wao hugombana na majike huparurwa migongo.

"Kwa hiyo Madoa hana kosa," alimaliza. "Amepewa mzigo usio wake."

Bibi alimtazama Mwamshaji aliyekuwa akipekua majivu. Sauti yake ikawa ndogo. "Unaniambia nimchinje jogoo wa mume wangu?"

"Nimesema abadilishwe, bibi. Kisu sikukitaja mimi."

Fundi viatu wa ng'ambo ya uchochoro alikuwa na jogoo mwekundu, mwenye afya na asiye na udugu na kuku wa bibi. Afisa akashauri wabadilishane majogoo. Bibi alimbeba Mwamshaji mwenyewe, amemfunika kwa upindo wa nguo yake, akavuka uchochoro.

"Bi mkubwa," fundi viatu alimpokea, "usilie. Hapa kwangu wake wanamngoja, na hakuna hata mmoja anayemwita babu."

Jogoo mwekundu hakuachiwa uani siku ile. Alitengwa kwanza katika tenga kwa wiki mbili, ili ithibitike kuwa hana maradhi. Wale majogoo wawili vijana ndio walioingia chunguni badala ya Madoa. Hata baada ya jogoo mpya kuachiwa, afisa aliwaonya wasiatamishe mayai kwa wiki tatu, maana mbegu ya majogoo wa zamani hubaki tumboni mwa jike. Fundi cherehani alinung'unika. Watoto hawakunung'unika, kwa sababu mayai yote ya wiki hizo waliyala wao.

Muda ulipotimia, bibi alichagua mayai safi, ya ukubwa wa wastani, yasiyo na ufa na ambayo hayajapita wiki moja tangu kutagwa. Akayaweka chini ya Madoa, ambaye mgongo wake ulishaanza kuota manyoya. Safari hii karibu mayai yote yalianguliwa. Fundi cherehani ndiye aliyewapelekea vifaranga maji, akamwomba Madoa radhi huku akijifanya anakohoa.

Alfajiri iliyofuata, jogoo mwekundu aliwika nyuma ya jiko. Bibi alifumbua macho, akasubiri. Kutoka ng'ambo ya uchochoro Mwamshaji akaitikia kwa sauti yake nzito ya siku zote.

"Nimesikia, mzee wangu," bibi akasema, akaenda kutawadha. Alipopita karibu na jiko alikanyaga polepole, asije akawashtua vifaranga waliolala chini ya mbawa za mama yao.