Kilichotetemeka Nyuma ya Gurudumu

Redio ilikuwa imezimwa, na buti bado lilikuwa linagongagonga.

"Ndugu yangu, gari lako lina wazimu," fundi Mundhiri akasema.

Qusai, mwenye gari, hakucheka. Mchana huo, baada ya swala ya Ijumaa, gari hilo lilikuwa limbebe bibi harusi wake kutoka Zarqa mpaka Irbid, na spika mbili za besi nyuma. "Besi ikipiga, buti linalia kama kabati la masufuria. Mashemeji watanicheka mpaka nizeeke. Nisitiri, Baba Talin!"

Mundhiri akafungulia besi, akaanza kubonyeza bati kwa kiganja, sehemu moja baada ya nyingine. Kibao cha namba kilikuwa kinacheza, akakiwekea sponji. Tairi la akiba likakazwa. Ikabaki kelele moja tu, ndani ya uwazi ulio nyuma ya gurudumu la kushoto. Akaingiza mkono. Kilichokuwa kinatetemeka humo hakikuwa bati. Kilikuwa laini, chenye joto, na kilipoguswa kikajisogeza pembeni.

"Labda waya," alijiambia. Waya gani unanuka nywele zilizoungua?

Akakata mkeka wa lami wa kuzuia mtetemo, akawasha kipuliza moto chake cha gesi ili lami ilainike ishike. Sasa, Zarqa hata mtu akimwaga maji ya moto kwenye sinki husema kwanza, "Dasturi, enyi mliopo," yaani ruhusa, ili majini wasioonekana wapishe. Mundhiri alisema hivyo kila siku kabla ya kupeleka moto kwenye tundu lolote. Siku hiyo besi ilikuwa inapiga mpaka hajisikii mwenyewe, akaona ya nini kusema maneno asiyoyasikia. Mjinga huyu! Kana kwamba maneno yale alikuwa akiambiwa yeye.

Moto ukaingia. Kitu kikalia, kilio chembamba, kikazama ndani ya besi. Akaukandamiza mkeka kwa nguvu zote. Buti likatulia kabisa. Qusai akambusu mabegani, akaondoka mbio.

Nyumbani, Talin alikuja kumpokea mlangoni. Alikuwa na miaka minne, mtoto wao wa pekee, na mdomo wake haukujua likizo. Akafungua kinywa, akacheka, akaongea. Hakuna kilichosikika. Akapiga makofi, na makofi nayo hayakulia.

"Ameanza asubuhi hii," mkewe Rula akanong'ona. "Ananiita, namwona ananiita, simsikii. Mwanangu ana nini, Baba Talin?"

Wakamwita jirani, Hajati Wasfiya, anayesomea wagonjwa. Bibi aliweka sikio kifuani mwa mtoto, na papo hapo akajivuta nyuma.

"Kuna kitu kinagonga humu," akasema kwa sauti ya chini. "Leo umeziba wapi, Mundhiri?"

Akamweleza.

"Umemfungia mtoto wa watu. Mama yake ameshika wako. Nenda ukaubandue mkeka, kwa mikono, kabla Talin hajalala. Akilala hivi hatakuwa wako tena. Na moto usiupeleke pale, unanisikia? Usithubutu."

Mundhiri aliukuta msafara wa harusi barabara ya Jerash, honi zinalia, vijana wamekaa madirishani. Akalikatia njia gari la Qusai.

"Leo? Mbele ya wakwe?" Qusai akafoka. "Umelogwa wewe?"

Mundhiri alikwishafungua buti, akawa anaparura mkeka kwa kucha, lakini alikuwa fundi mzuri mno na mkeka wake ulikuwa umeng'ang'ania, kucha zikavunjika, damu ikateleza juu ya lami, wazee wa harusi wakamzunguka wakimtukana, simu ikalia, na sauti ya Rula ikawa inapiga yowe kwamba anasinzia, Baba Talin, anasinzia, nampiga mashavu hafungui macho, fanya haraka jamani, na kipuliza moto kilikuwa pale pale kwenye mkoba wake, na yeye baba alijua kwamba dakika moja tu ya moto ingetosha.

Akakiwasha.

Mkeka ukabanduka kama utando wa maziwa. Pumzi ya moto ikampita shavuni, na jua likiwa bado kali vile, wote waliomzunguka wakarudi nyuma bila kujua kwa nini.

"Anaongea!" Rula akapiga kelele simuni. "Talin anaongea!"

Mundhiri akapiga magoti kando ya barabara, akalia kwa furaha mbele ya wakwe wa watu, hakuona haya. "Nipe nimsikie. Nipe mwanangu."

Rula akampelekea mtoto simu. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imekauka.

"Baba Talin... anakataa kuniita mama. Anasema hanijui. Anasema mgongo unamuuma, umemchoma mara mbili. Anasema mama yake yuko huko, amesimama nyuma yako, na usigeuke."

Mundhiri hakugeuka. Alikuwa ameinamia buti, macho kwenye ule uwazi mtupu, na humo ndani, nyuma ya gurudumu, Talin alikuwa ameanza kumwita.