Udongo wa Mlangoni

Jumamosi moja huko Temeke, Mama Didas alikuwa akifagia chumba cha mwanawe. Ufagio uligonga kitu chini ya kitanda. Akainama, akavuta makopo saba ya maziwa. Yote yalijaa udongo, na kila kopo lilikuwa na jina la mtu.

Akasoma moja: Mwanakombo, mlangoni. Akaketi sakafuni.

Tangu wiki iliyopita jirani yao, Bi Mwanakombo, alikuwa akilalamika. Mtu amechimba mlangoni kwake. Mtu amechukua unyayo wake ili amroge. Na sasa mjukuu wake ana homa.

Mumewe, Mzee Adelard, aliporudi kutoka bandarini na kuonyeshwa makopo, alimwita Didas.

"Nimekupeleka shule ya ufundi ujifunze kujenga. Nani amekufundisha uchawi?"

"Ni udongo wa maabara, baba. Tumeambiwa tupime udongo wa mitaa yetu."

"Mbona hukuchukua wa kwetu?"

"Nimechukua. Kopo lile lina jina lako."

Mzee Adelard akalitazama kopo. "Hata mimi," akasema. "Shule basi."

"Ataenda," ilisema sauti nje ya ua. Bi Mwanakombo alikuwa amesimama pale, amesikia yote. "Na sie tutakwenda naye. Nataka kuwaona hao wanaopima nyayo za watu."

Jumatatu wakaenda. Bi Mwanakombo alilikumbatia kopo lake njia nzima. Fundi wa maabara ya shule, Shomari, aliwapokea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Usiliguse kopo langu."

"Basi pima mwenyewe."

Bi Mwanakombo akatia udongo kidogo katika chupa, akaongeza maji, akatikisa. Mchanga kidogo ukashuka chini. Maji yakabaki mazito kama uji.

"Huo mzito ni udongo wa mfinyanzi," alisema Shomari.

Didas akaleta kidau cha chuma, kikopo kidogo cha kupimia. Siku aliyochimba alikijaza udongo uleule, ukiwa umelowa. Sasa ulikuwa umekauka na kunywea, hata kidole kilipita kati yake na ukingo.

"Mvua ikinyesha unavimba," Didas alieleza. "Jua likiwaka unanywea. Ukuta ulio juu yake hupasuka."

Bi Mwanakombo akapitisha kidole chake mwenyewe. Ukuta wake ulipasuka kila mwaka.

"Na homa ya mjukuu wangu?"

"Mpeleke hospitali, bibi," alisema Shomari. "Sisi hapa hatujui homa."

Bi Mwanakombo akamnong'oneza Mzee Adelard, "Mchawi angekuwa na dawa."

Shomari akamgeukia baba yake Didas. "Darasani anasoma kwamba udongo hunywea. Hapa anaupima kwa mkono wake. Akikosea, anarudia. Anaandika alichokiona, si alichotaka kukiona. Mimi nilianza hivi hivi. Atakayejenga madaraja lazima apitie hapa." Kisha akamwambia Didas, "Lakini umekosa. Hukuomba ruhusa."

Didas akaomba radhi.

Mtoto alitibiwa malaria, akapona. Mzee Adelard akamwacha mwanawe aendelee na masomo. Didas na mwashi mmoja wakachimba msingi mpya wa ukuta wa Bi Mwanakombo, wakaupita udongo wa mfinyanzi hadi kwenye mchanga mgumu. Masika yakapita. Ukuta haukupasuka.

Siku hizi majirani humwita Didas kabla ya kujenga. Akihitaji udongo kwa Bi Mwanakombo, hupiga hodi kwanza. Bibi hutoka na kigoda chake, akaketi karibu kabisa na shimo.

"Chimba," humwambia. "Lakini mie nipo."