Majibu Yaliyotangulia Swali

Kila asubuhi Sindano na mama yake walifunga mlango pamoja na kwenda shule moja. Mama alikuwa mwalimu wa sayansi wa kidato cha kwanza, na Sindano, ambaye wenzake walimwita hivyo kwa wembamba wake na ulimi wake mkali, alikuwa mwanafunzi wake. Nyumbani alimwita mama. Wakishavuka lango la shule alimwita mwalimu, wala hakupendelewa hata chembe. Akichelewa kuleta kazi, aliadhibiwa kama wengine.

Muhula huo shuleni hakukuwa na raha. Matokeo ya mitihani yalikuwa yakishuka mwaka hadi mwaka, na sasa walimu walikuwa kwenye mafunzo. Kila Ijumaa alikuja mwezeshaji, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafundisha walimu namna bora ya kufundisha. Kila mwalimu alitakiwa kufundisha somo moja huku wenzake wakiwa wameketi nyuma ya darasa wakimtazama. Baadaye walimweleza alipofanya vizuri na alipoteleza.

Zamu ya mama ilikwenda vibaya. Aliuliza maswali, darasa likatulia kama maji mtungini, na mwishowe akajijibu mwenyewe. Mwalimu mmoja alicheka chinichini. Jioni ile mama hakugusa chakula.

"Miaka yote hii nimekuwa nikizungumza peke yangu, nikidhani nafundisha," alimwambia baba.

"Si watakupa nafasi nyingine?"

"Ijumaa ijayo. Mkuu wa shule amesema nikishindwa tena, darasa langu atapewa mwingine."

Sindano alikuwa akikunja nguo chumba cha pili. Aliyasikia yote.

Siku zilizofuata mama alifanya mazoezi ya somo lake huku akipiga pasi. "Nina machungwa mawili," alisema, kana kwamba yale mashati yalikuwa wanafunzi. "Moja lina ganda, jingine nimelimenya. Nikiyatia majini, lipi litazama?" Akageuza shati, kisha akaendelea. "Wengi watasema lenye ganda, kwa kuwa ni zito zaidi. Kumbe linalozama ni lililomenywa. Ganda lina vijitundu vyenye hewa." Alirudia maneno hayo mpaka Sindano, aliyekuwa upande wa pili wa ukuta, akayajua kwa moyo.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, alimvuta Redio pembeni. Redio alikuwa jirani yake wa dawati, mvulana ambaye mdomo wake haukujua likizo.

"Kesho tutaulizwa habari za machungwa," Sindano alimnong'oneza, akamweleza jibu lote. "Waambie na wengine."

"Nani kasema?"

Sindano alisita. Alijua kwamba akisema ni yeye, hakuna atakayejali. "Mwalimu mwenyewe. Anataka tujue mapema, ila kimyakimya."

Kufikia kengele ya mwisho, darasa zima lilikuwa na jibu.

Ijumaa walimu walijibana kwenye madawati ya nyuma, magoti yao yakigonga mbao. Mkuu wa shule alisimama mlangoni, mikono nyuma. Mezani palikuwa na beseni la maji na machungwa mawili. Mama aliuliza swali lake.

"Nani ana wazo? Msiogope kukosea."

Mikono yote ikapanda kwa mpigo mmoja.

Mama alishtuka. Alimchagua msichana wa kona ambaye hakuwa amenyoosha mkono tangu muhula uanze. "Lililomenywa litazama, mwalimu. Ganda lina vijitundu vyenye hewa." Akamchagua wa pili. Maneno yakawa yaleyale. Wa tatu naye, neno kwa neno. Tabasamu la mama likayeyuka polepole. Alipoyatia machungwa majini, hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyenyoosha shingo kutazama.

Mwezeshaji aliinuka, akasimama mbele ya Redio. "Hebu niambie, mwanangu. Hiyo hewa inafanya nini mpaka chungwa lielee?"

Redio alifungua mdomo, akaufunga. Hakuna aliyewahi kumwona akikosa la kusema.

"Basi umejuaje kwamba ganda lina hewa?"

"Tuliambiwa."

"Na nani?"

Redio aliangalia viatu vyake. "Mwalimu. Alisema tujue mapema."

Minong'ono ikaanza nyuma. Mkuu wa shule alisogea hatua moja ndani. "Mwalimu, uliwakaririsha ili leo utuonyeshe maigizo?"

"Hapana, mkuu. Sikuwaambia neno."

"Na huyu mtoto anasema nini?"

"Sijui wamelitoa wapi."

"Tutazungumza ofisini," alisema mkuu wa shule, na uso wake ulionyesha kwamba alikwisha kukata shauri.

Sindano alingoja mama amtazame, lakini mama alikuwa akijifuta maji kwa kitambaa, kidole kilekile, tena na tena. Sindano alijua kwamba akikaa kimya hatagundulika. Hata Redio aliamini kwamba maneno yale yalitoka kwa mwalimu. Akasimama, dawati likalia.

"Redio hajasema uongo," alisema. "Mimi ndiye niliyemdanganya. Nilimsikia mama akifanya mazoezi nyumbani, nikawaambia wenzangu kwamba ni yeye aliyenituma."

Neno mama lilimponyoka mbele ya wote. Mkuu wa shule alimkazia macho. "Unamkingia kifua mama yako?"

"Hapana, mkuu. Nasema kweli."

"Watoto hufanya mengi kwa ajili ya mama zao."

Machozi yalimlenga. Alikuwa amesema kweli, na bado haikutosha. Alijiona kama mtu anayebisha hodi nyumba ambayo hakuna anayefungua.

Mwezeshaji ndiye aliyeingilia kati. Aliwageukia wanafunzi. "Nani kati yenu alimsikia mwalimu akisema maneno hayo, kwa masikio yake mwenyewe?"

Hakuna mkono uliopanda. "Mimi niliambiwa na Redio," alisema msichana wa kona. "Na mimi," walisema wengine.

"Na mimi nilisikia kwa Sindano," alisema Redio, akimtazama jirani yake kwa uchungu.

"Basi hilo limekwisha," alisema mwezeshaji. "Limebaki somo. Mwalimu, muda bado upo. Unaweza kuanza upya, na kitu wasichokijua?"

Mama aliangaza macho darasani. Hakuwa ameandaa kingine chochote. Kisha akaona kizibo cha soda ambacho mvulana mmoja alikuwa akikichezea. Akakiomba.

"Nikikiweka juu ya maji, kitazama au kitaelea?"

Kimya. Safari hii hakuna aliyethubutu. Walimu walitazamana, mkuu wa shule akaangalia saa yake. Lakini mama hakujijibu. Alisimama, akangoja, mpaka kimya kile kikawa kizito.

Sindano alinyoosha mkono. "Kitazama, mwalimu. Ni chuma."

Mama aliandika jibu hilo ubaoni, kisha akakilaza kizibo juu ya maji, upande wa wazi ukitazama juu. Kikaelea. Wachache walicheka, na Sindano akatamani ardhi impasukie.

"Kwa nini ulifikiri kitazama?" mama aliuliza, bila kejeli.

"Msumari ni chuma, na unazama."

"Ni kweli, msumari unazama. Sasa mbona hiki hakizami?"

Hapo darasa likachangamka. Huyu alisema ni kwa kuwa ni chepesi, yule akambishia, na mwingine akaja mbele kukiinamisha kizibo kwa kidole. Maji yakaingia, kikazama.

"Maji yamechukua nafasi ya hewa," alisema Redio. Akayageukia machungwa kama mtu anayeyaona mara ya kwanza. "Kumbe ndiyo kazi ya lile ganda. Linabeba hewa."

Kengele ililia wakibishana bado. Mkuu wa shule mwenyewe alikuwa ameinama juu ya beseni. Aliponyooka alisema, mbele ya walimu wote, "Mwalimu, niliharakisha kukuhukumu. Uniwie radhi. Darasa ni lako." Kisha akamgeukia Sindano. "Na wewe utasafisha maabara wiki nzima."

Sindano alikubali adhabu. Alimwomba Redio msamaha, naye akanuna mpaka mlangoni, halafu akaanza kuongea kama kawaida.

Njiani kuelekea nyumbani, mama ndiye aliyeanza.

"Unajua uliniumiza wapi?"

"Nilisema uongo kwa jina lako."

"Hapo, na mahali pengine. Mikono yote ile ilipopanda, sikuweza kujua nani anaelewa na nani haelewi. Mgonjwa akimficha daktari panapouma, daktari atampa dawa gani? Nimehudhuria mafunzo haya yote ili nijifunze kusikiliza mnapokosea, na wewe ukawapa wote jibu moja sahihi."

"Nilitaka kukusaidia, mama."

"Najua. Ulinisaidia uliposimama ukasema kweli, ingawa hukuaminiwa. Ukanisaidia tena uliposema kizibo kitazama, watu wazima wote wakikutazama." Mama alimshika bega. "Jumatatu, usipojua kitu, sema hujui. Mimi nitaanzia hapo."