Imani Potofu

Wewe, ushawahi kunusa udi unatoka kwenye kompyuta?

Muzdalifa aliunusa asubuhi, nyumbani kwao Mpendae, akadhani jirani ana harusi. Alikuwa akiandika tasnifu ya uzamili kuhusu wakulima wa mwani wa Kiwengwa. Programu ya kuchambulia mahojiano ilimpendeza: unachagua kipande cha maneno ya mtu yaliyorekodiwa, unakibandika msimbo, yaani lebo, kinaingia kwenye kundi lake. "Kipato." "Afya." Bi Kidawa, mmoja wa wakulima hao, alipandwa na jini katikati ya mahojiano; maneno ya jini yule Muzdalifa aliyabandika "Imani potofu", akajiona msomi.

Siku ya pili kundi hilo lilikuwa na vipande asivyovichagua yeye. *Maji. Chumvi. Mwanangu.* Akavifuta. Vikarudi. Alipovisikiliza, ilikuwa sauti ya Bi Kidawa mwenyewe, ikinong'ona maneno asiyoyasema siku ile.

Adhuhuri Rukaiya, binti wa Bi Kidawa, aligonga mlango. Alikuwa amemshika mama yake mkono, na nyuma yao Fundi Kheir, mganga wao.

"Mama anaishiwa maneno," alisema Rukaiya kwa sauti ya chini. "Jana kasahau neno maji. Leo hajui aniite nani. Shoga, mama alikwambia jini akipanda uzime chombo chako cha kurekodi. Ulizima?"

"Nilizima. Rukaiya, mie mtafiti, nna maadili."

"Maadili," alisema Fundi Kheir. "Mbona udi unanuka humu na wala hapana chetezo cha kuufukizia?"

Bi Kidawa akakaa mkekani, akafungua kinywa kama anayetaka kusalimia, kikatoka kimya kitupu, na salamu yake ikasikika nyuma ya Muzdalifa, kwenye kompyuta iliyofungwa, kisha jina la marehemu mumewe, kisha shahada yake nusu, *La ilaha* tu, na kila neno lililotoka kule lilimwacha mama yule mweupe zaidi midomoni, hadi likaja neno *pumzi*, naye akaanza kujikamata kifua.

"Jini amekatwa vipande, naye anamkata kiti wake, huyu anayempanda," alisema Fundi Kheir, mkono juu ya mgongo wa mgonjwa. "Nitamwomba amwachie. Lakini sauti yake yote iwe hapa mbele yangu, isibaki hata chembe pengine. Haya, mwanangu. Iko wapi nyingine?"

"Sema, Muzdalifa!" Rukaiya alilia. "Mama anakufa!"

"Sikuzima," alisema Muzdalifa. "Nilikitia mkobani kinarekodi. Na sauti yake nshaiweka mtandaoni, wanaipakua watafiti wa dunia nzima."