Mwenyewe Yupo

Nyuki-karani walitua kwenye migomba ya Mama Shekivuli kama kawaida yao ya asubuhi. Walikuwa wa chuma, kila mmoja sawa na punje ya kunde, wakinusa nyayo, mikojo na manyoya, na habari zote zilifika makao makuu kabla chai haijachemka. Kwa habari hizo Serikali iliwalipa ruzuku wakulima wa Usambara walioacha mashamba yao yarudi kuwa msitu, ili wanyama wapate pa kukaa.

Mama Shekivuli alitoa bonde lake lote, lile lenye rutuba. Maharage akayahamishia kwenye mteremko wa mawe nyuma ya nyumba. Chui, aliyetoweka tangu enzi za bibi yake, akarudi. Wakubwa wa wizara walikuja wakashangilia, wakapiga picha, wakaenda zao.

Kila msimu nyuki mmoja alimhoji mlangoni kwa sauti tamu ya kike.

"Nani anakaa bondeni?"

Kwao Mama Shekivuli, jina la mnyama yule halitamkwi karibu na maskani yake. Kumtaja ni kumwita. Kwa hiyo alijibu kama walivyojibu mababu zake.

"Mwenyewe yupo."

"Na wewe?"

"Mimi nipo nipo tu, pembeni. Nani athubutu kumsumbua mwenyewe?"

Asubuhi hiyo afisa wa ruzuku, kijana aitwaye Lusinde, alishuka kwenye gari-anga akiwa na viatu visivyojua tope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mama, unatakiwa uhame. Mfumo umethibitisha kuwa shamba lina mmiliki, anaitwa Mwenyewe. Wewe umekiri kila msimu kwamba unakaa pembeni tu. Sheria hairuhusu mtu kukaa kwenye makazi ya wanyama, isipokuwa mmiliki."

Ungo wa maharage ulimponyoka. "Mwenyewe ni yule wa bondeni! Mwenye madoa!"

"Mfumo haujui hivyo, mama. Umefundishwa Kiswahili sanifu."

"Kwa hiyo nyumba aliyonijengea marehemu mume wangu inakwenda kwa sababu ya adabu yangu?"

Lusinde alitazama viatu vyake. "Mimi sina mamlaka ya kuugusa mfumo. Labda umtaje jina, nyuki wasikie."

Mama Shekivuli alipandwa na hasira. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mgeni kaja, mwenyeji anafungishwa virago! Akamgeukia nyuki aliyening'inia mlangoni, akauvunja mwiko wa ukoo mzima.

"Chui! Ni chui! Umesikia, kipande cha bati wewe?"

"Asante," sauti tamu ikajibu. "Jina la mmiliki limerekebishwa. Mmiliki ni Chui."

Mama Shekivuli alicheka kicheko kibaya. "Haya. Kama ndiye anayenifukuza, mwiteni basi aje aniambie kwa kinywa chake."

Alisema kwa uchungu, lakini nyuki hajui uchungu. Nyuki-karani walikuwa na mlio wa chui, walioutumia kuwavuta chui wa msituni na kuwahesabu. Wakaupiga wote kwa pamoja kuelekea bondeni. Kisha, kwenye vichaka vilivyomea palipokuwa na maharage yake, ikaitika sauti kama ya msumeno ukipasua gogo.

Lusinde alikimbilia gari-anga lake bila kuaga. Mama Shekivuli alibaki amesimama juu ya maharage yaliyomwagika, maana yeye hakuwa na pa kukimbilia.

"Mmiliki amehojiwa," nyuki akatangaza. "Hana pingamizi. Ruzuku italipwa kwake."

"Na mimi?" akapaza sauti. "Mimi nimehojiwa na nani?"

Nyuki walikuwa wameshapaa kwenda shamba la jirani. Kutoka huko akaisikia ile sauti tamu ikiuliza nani anakaa bondeni, na jirani yake, mtu mwenye adabu zake, akikohoa kidogo ili ajibu vizuri.

Mama Shekivuli akakaza khanga kiunoni, akateremka mbio kwenye mawe.

"Usimjibu!" alipiga yowe. "Jamani, usimjibu huyo!"