Alama ya Mama kwenye Mwimo wa Mlango

Kila asubuhi mama mkwe wangu, Ardis, hurudi kutoka zizini, huvua buti na kumimina glasi mbili za maziwa. Moja yake, moja yangu, kwa sababu nanyonyesha. Kisha hunawa mikono na kumpakata binti yangu, Britta. Ndivyo siku inavyoanza kwetu, hapa Wisconsin, Marekani.

Mwezi wa tatu Mama aliteleza kwenye kidato cha mlango wa zizi. Ni kidato kimoja tu, lakini kifundo cha mkono kilivunjika. Daktari alimfunga plasta. Alisema mfupa haupaswi kuvunjika kirahisi hivyo, akamwandikia kipimo cha uimara wa mifupa.

Mama alikataa. Alisema ukoo wao umekunywa maziwa ya ng'ombe wao kwa vizazi vinne. Mifupa dhaifu ni ya watu wa soda. Mume wangu, Nels, alijaribu kumbembeleza akachoka.

Mimi aliniambia ukweli tukiosha vyombo. Katika familia yao, bibi ndiye humbeba mtoto hadi mbele ya kanisa siku ya ubatizo. Ubatizo wa Britta ulikuwa mwezi wa sita.

"Wakisema mifupa yangu imekwisha, mtaninyima mtoto," alisema. "Hamtasema kwa ubaya. Lakini mtaninyima."

Nilimweleza jirani yetu Rosalba, anayefanya kazi kwenye chumba cha eksirei cha kliniki ya mjini. Jumamosi alipokuja kuchukua mayai, hakubishana na Mama. Alimuuliza tu urefu wake.

"Futi tano na inchi sita," Mama alijibu. "Imeandikwa pale."

Kwenye mwimo wa mlango wa jikoni kuna alama za penseli za urefu wa Nels tangu utotoni. Mwaka Nels aliomaliza shule, Mama naye alipimwa. Rosalba akamwomba avue viatu, asimame palepale. Akamwekea kitabu kichwani, akapiga mstari wa penseli chini yake. Alama ya zamani ilikuwa juu ya kitabu, inchi moja na nusu.

"Labda sakafu imepanda," Nels alisema.

Mama ndiye aliyecheka kwanza.

Rosalba alieleza taratibu. Mwanamke akishakoma hedhi, mifupa hupungua nguvu haraka zaidi. Pingili za mgongo zinaweza kubonyea bila maumivu, na mtu akafupika. Maziwa husaidia, ila peke yake hayatoshi.

"Mama Ardis, nguzo ya zizi ikiliwa ndani, rangi ya nje haikuambii," alisema. "Kuigonga ukasikiliza hakuidhoofishi. Kunakuonyesha pa kutia nguvu."

Mama akauliza ajiandae vipi. Rosalba alisema ale kama kawaida na maziwa yake anywe. Kama anameza vidonge vya kalsiamu, aviache siku nzima kabla ya kipimo. Avae nguo laini zisizo na zipu wala vifungo vya chuma. Na kama karibuni amepigwa picha za tumbo kwa dawa ya kunywa au ya sindano inayong'arisha viungo vya ndani, aseme.

Siku ilipofika, Mama alivaa suruali yenye mpira kiunoni, amechana nywele vizuri. Kule kliniki, Rosalba alimuuliza vidonge alimeza lini mara ya mwisho. Mama alitazama viatu vyake.

"Asubuhi hii. Vitatu." Akashusha sauti. "Hata ng'ombe tunamwosha kabla ya kumpeleka kwenye maonyesho."

"Hapa hatutoi utepe wa mshindi, Mama," Rosalba alisema. "Kidonge kisichoyeyuka kinaweza kuonekana kwenye picha kama mfupa, kikatudanganya. Na mfupa haushibi kwa asubuhi moja. Rudi Alhamisi."

Alhamisi alifika bila kumeza kidonge tangu juzi yake. Nilimsubiri nje na Britta. Baada ya dakika kama kumi na tano alitoka, akasema nusura asinzie. Alilala chali kwenye kitanda laini, miguu juu ya mto mkubwa. Kisha mguu mmoja uligeuzwa ndani kidogo na kufungwa ili usitikisike. Mkono wa mashine ulipita juu yake bila kumgusa. Hakuna sindano, hakuna kuingizwa kwenye shimo la mashine. Mionzi yake ni michache sana.

Wiki iliyofuata daktari alisema mifupa ya mgongo imedhoofika na inahitaji dawa. Mama hakuuliza kuhusu dawa.

"Mtoto nimbebe, au nisimbebe?"

"Mkono ukishapona, mbebe," daktari alisema. "Ila usiinamishe mgongo kumwokota sakafuni. Wakupe ukiwa umekaa."

Mwezi wa sita Mama alikaa kiti cha mbele kanisani. Nikamwekea Britta mikononi. Akainuka polepole, Nels akiwa pembeni yake, akatembea hatua kumi na mbili hadi kwenye maji ya ubatizo. Nilizihesabu.

Sasa kidato cha zizi kina reli ya kushikilia. Mama hutembea kila siku hadi kwenye sanduku la barua na kurudi. Kila Jumatatu humeza kidonge chake cha mifupa kwa maji matupu kabla ya kula, hukaa wima nusu saa, na glasi yake ya maziwa humsubiri.

Juzi Britta alitimiza mwaka na nusu. Tulimpigia alama yake ya kwanza kwenye mwimo. Mama naye akavua viatu, akasimama. Penseli ikapita palepale penye mstari wa mwaka jana.

"Ile ya juu msiifute," alisema. "Lakini hii ndiyo ninayoilinda."